Nimewaudhi kina mama wanaolima mwani Jambiani, Jumanne narudi. Niende na nini?

Binti wa Tukuyu aliandika:

Habari za jioni wana jukwaa. Naandika nikiwa nyumbani Tukuyu, nimejifunika blanketi mbili, mvua haijakatika tangu asubuhi, wenyeji mnaijua. Likizo yangu ni ya siku kumi. Jumanne narudi Unguja kazini na naogopa. Kazi yenyewe siiogopi. Naogopa ile njia ya kutoka chumbani kwangu hadi kazini.

Nipo mapokezi kwenye hoteli ndogo Jambiani, mwaka wa pili sasa. Wenzangu wengi wa bara wanalala nyumba za wafanyakazi, mimi nimepanga chumba ndani ya kijiji kwa mama mmoja. Kabla sijafika pwani napita nyumba saba, na kila nyumba ina salamu yake. Shikamoo bibi. Marahaba, umeamkaje, hujambo, watu wa kwenu hawajambo, umepata barua? (Siku hizi nani anaandika barua, lakini wanauliza.) Mwanzoni nilikuwa nachelewa kazini kwa ajili ya salamu tu. Baadaye nikazipenda, zilinikumbusha bibi yangu hapa, ambaye hakuruhusu upite uwanjani kwake bila kusimama.

Mwezi uliopita walikuja wageni sita, Waitaliano. Meneja akaniambia niwatembeze maji yakishakupwa, waone mwani, wapige picha. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hukupwa sana, bahari imerudi karibu na mwamba, kina mama wote wako kazini wameinama. Nikawaongoza kifua mbele, Kiingereza kinatiririka, natoa maelezo kama nilizaliwa ndani ya huo mwani. Sikumwamkia mtu hata mmoja.

Mgeni mmoja akaruka mstari asimame katikati ya shamba apate picha nzuri. Mguu ukanasa kwenye kamba, kigingi kikang'oka, mistari mitatu ikalegea na vipande vya mwani vikaanza kuelea. Aliyekuwa karibu ni bibi wa nyumba ya tatu, jirani yangu. Akanyanyua uso. Mgeni mwingine akampiga picha uso huohuo. Mimi nikasema "sori", nikacheka kile kicheko cha aibu, nikawavuta wageni tukaondoka.

Jioni nikamkuta barazani. Akaniambia neno moja tu: "Kima punju wa msitu wa Jozani anapigwa picha kwa tiketi. Mimi mwenzenu bure." Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nyumba zote saba nikisema shikamoo najibiwa marahaba kavu, basi. Yule mgeni kabla hajaondoka aliacha dola ishirini nimpe bibi. Ziko kwenye bahasha mpaka leo, sijui nazifikishaje.

Naomba ushauri kwa waliokaa visiwani. Mama amenifungia kilo kumi za mchele wa Kyela nimpelekee. Unatosha? Na dola je? Nipite kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa?

Nyalukolo wa Ipogolo alijibu:

Kamwene dada. Nimekaa Nungwi miaka miwili, jikoni, kabla sijarudi Iringa kulima vitunguu. Nakwambia kama kaka: usijidhalilishe. Ulitumwa na meneja. Mguu ulikuwa wa Mtaliano. Wewe kosa lako nini?

Kule mtu wa bara ni wa bara hata ukae miaka ishirini. Sisi tulikuwa tunaitwa machogo tukipita. Ukipata kazi umewanyang'anya, ukiikosa umekuja kuiba. Hata vijana wao wenyewe wanaowakimbilia wageni ufukweni wanawaita papasi, yaani kupe wale, sasa wewe mgeni utaitwaje? Peleka mchele ukitaka, lakini ujue wanaweza kuupokea na wasikusalimie vilevile.

Mkinga Mpole alijibu:

Kilo kumi za Kyela zivuke bahari? Mpe kilo tano, tano zishushie hapa Uyole, nitakuombea dua mwenyewe.

Mama Salama, Mwanjelwa alijibu:

Binti, shikamoo za wakubwa wote humu. Mimi mzaliwa wa Makunduchi, nimeolewa Mbeya mwaka wa kumi na tisa huu, nauza vitenge Mwanjelwa, baridi yenu nimeizoea. Huyo kaka wa Iringa hajasema uongo, machogo nimeyasikia kwa masikio yangu na ni neno baya. Lakini amechanganya mambo mawili.

Hasira ya kazi ipo na ina sababu zake. Hoteli zimejengwa pale tulipokuwa tunaanika dagaa, watoto wa pale wametoka skuli, halafu mapokezi yote wamekaa watu wa bara na Wakenya kwa sababu wamesomea hoteli na Kiingereza kinawatoka. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 hatukufika milioni mbili. Piga hesabu uone kijiji kama Jambiani kinabanwaje. Hiyo si ya kwako kuitatua.

Ya bibi ni nyingine. Nikueleze mwani, maana nimeufunga mpaka nilipoolewa. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, kilimo chenyewe kikaanza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaume waliucheka, wakauacha, wakarudi kwenye pweza wao. Ndiyo fedha ya kwanza mama zetu kuishika bila kuomba. Mama yangu aliezeka bati kwa mwani. Unakaa maji kama wiki sita ndipo uvune, na kazi yenyewe inafanyika wakati wa bamvua tu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, saa chache kabla bahari haijarudi. Unachukua kipande kama kiganja, unakifunga kwa taitai, kile kiuzi, kwenye kamba, kimoja kimoja, mgongo umeinama, jua la mchana, maji ya chumvi yanachoma kila mchubuko wa kidole. Ule wa bei nzuri, kotonii, siku hizi kwenye maji haya ya kina kifupi unakufa, bahari imekuwa ya moto. Umebaki spinosamu wa bei ndogo. Kisha unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, na huyohuyo anayepigia mswaki mwani wa bibi anakuja kuukanyaga. Naandika huku nacheka lakini si kicheko.

Sasa fanya hivi. Usiende siku za bamvua, utamkuta pwani au hoi. Ngoja maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, nenda baada ya alasiri. Usiende peke yako, mwombe mama mwenye nyumba akupeleke. Vaa kanga. Piga hodi, ukikaribishwa kaa, ukipewa chai kunywa hata kama imekwisha moto. Sema kosa kwanza, kwa Kiswahili, bila "lakini". Mchele utoke mwisho, wakati wa kuaga, mpe mkononi mama mwenye nyumba ausogeze yeye. Ukiingia na mfuko mbele umekwenda kununua. Sheha mwache, ukimpitia sheha umeshaifanya kesi.

Kwetu Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, kila Julai, wanaume wanachapana kwa migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinaishia uwanjani pale. Ungekuwa mwanamume ningekwambia ungoje Julai.

Mzee wa Matema alijibu:

Nakubaliana na Mama Salama, nami niongeze la huku ziwani ili binti asidhani ni mambo ya visiwani tu.

Matema tunapata wageni wa Nyasa, wengine Wazungu, wengine ni ninyi wa Mbeya mjini mnaokuja Pasaka na spika kubwa. Wanapenda kupanda mtumbwi kwenda Ikombe kuwaona kina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu. Siku moja niliwapeleka vijana wa chuo. Binti mmoja akaona chungu kimewekwa kivulini, hakijachomwa, akakinyanyua kwa ukingo apige nacho picha. Udongo mbichi. Kidole gumba kikazama, ukingo ukakaa kama mdomo wa mtu aliyevimba jino. Akakirudisha chini taratibu, kama chungu hakitasema.

Mama mwenye chungu hakugomba. Alikibomoa pale mbele yetu, akaukanda udongo upya. Vijana walinyamaza mpaka mtumbwini. Mimi ndiye niliyerudi kesho yake, kwa sababu mimi ndiye ninayepita pale, wao wako Dar. Kijana wa Iringa anauliza kosa la binti ni nini. Aliyeleta mguu ndiye anayedaiwa, mwenye mguu keshapanda ndege.

Dola zile usizifiche. Zitaje.

Nyalukolo wa Ipogolo alijibu:

Mzee sawa, nimekaa chini. Ila meneja naye aende na mfuko wake wa mchele.

Binti wa Tukuyu aliandika (wiki tano baadaye):

Samahani kwa kimya. Intaneti ya hoteli ni ya wageni, ya kwangu naiwekea vocha.

Nilirudi: basi la usiku mpaka Dar, boti, kisha daladala 309, mchele nimeupakata kama mtoto. Nikangoja maji mafu. Mama mwenye nyumba alipoambiwa hakushangaa, alisema tu "nilikuwa nakungoja wewe useme." Kumbe nilikuwa nasubiriwa.

Tulimkuta bibi barazani anasuka ukili. Akatukaribisha, akaendelea kusuka. Nikasema yote, kwa Kiswahili, nikameza "lakini" mara mbili. Vidole vyake havikusimama. Mwisho akauliza: "Siku ile pwani ulinijua kuwa ni mimi?" Nikasema nilikujua. "Basi mbona hukuniamkia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kamba, kigingi, picha. Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikalia, tena vibaya, kamasi na yote. Mama mwenye nyumba akageuza uso akatazama mnazi.

Bibi akasema kamba alishafunga siku ileile na kigingi alipata kingine. Bahasha aliifungua, akaitazama ile noti, akanirudishia. Akasema ninunue taitai na kamba, nizilete bamvua ijayo, nije nazo mwenyewe. Nikaenda siku yangu ya mapumziko. Wenzangu, msicheke: kwa saa mbili nilifunga mstari mmoja na nusu, bibi kafunga mitano na bado anapiga hadithi. Fundo langu moja lilifunguka maji yalipogusa tu, kina mama wakacheka mpaka wakashika viuno. Siku iliyofuata mapokezi nilikuwa nashika kalamu kwa vidole viwili.

Mchele alisema unanukia. Basi.

Hotelini nimemwambia meneja kwamba kwa bamvua siendi na kundi tena. Watu wawili tu, kazi ikishaisha, na kwanza naenda mimi kuuliza nani yuko tayari kupigwa picha. Hakufurahi. Aliniuliza kama nimeajiriwa na hoteli au na kijiji. Wiki jana mama mmoja alikataa picha, mgeni akasema sawa, akaweka simu mfukoni akauliza mwani unafungwaje. Alifunga vipande vitatu. Vyote vikafunguka.

Nyumba sita salamu zimerudi, na barua naulizwa. Ya saba bado kavu. Nilikuja kuambiwa kwamba kijana wa nyumba ile aliomba kazi mapokezi kabla yangu akakosa. Hapo sina mchele wa kupeleka. Nimemwomba mkubwa wangu amruhusu aje jioni ajifunze kompyuta ninapokuwa zamu, bado sijajibiwa.

Sasa nina swali jingine. Bibi kasikia kwetu ndizi za kupika zinaoza mashambani kwa wingi, hataki kuamini. Anataka mkungu mmoja auone. Nani amewahi kutuma ndizi kwa basi mpaka Dar zikafika hazijaiva?

Mkinga Mpole alijibu:

Zikatwe changa, siku hiyohiyo ya safari, zisikae stoo. Funga na majani yake makavu, usitumie nailoni, zitatokwa jasho. Mwambie kondakta zikae juu ya mizigo mingine na zisiwe upande wa injini. Halafu weka mtu wa kuzipokea Dar asubuhi, zikilala pale siku moja kwa joto lile, bibi ataletewa togwa.