Kompyuta ya mezani kwa ajili ya mama: ya ofisini iliyotumika, ndogo mpya, au iliyounganishwa na skrini?

Binti Mkubwa

Ndugu zangu, naomba tushauriane. Kompyuta ya mezani anayotumia mama yangu imechoka kabisa: tangu abonyeze kitufe cha kuwashia hadi kivinjari kifunguke, anaweza kwenda nje kuanua nguo zote kambani na kurudi akute bado inazunguka. Isitoshe, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, ninaingiwa na wasiwasi kila anapofungua akaunti yake ya benki. Mama ana miaka 71. Anasoma barua pepe na magazeti, anaandika mihtasari ya vikao vya kikundi ambacho yeye ni katibu wake, anatazama video, na kila Jumapili anazungumza na wajukuu kwa simu ya video. Kompyuta mpakato haitaki, kwa sababu kibodi yake inambana vidole na skrini inamlazimisha kuinamisha shingo.

Ninapima njia tatu. Ya kwanza ni mashine ya ofisini iliyotumika, mfano wa Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Ya pili ni kompyuta mpya ndogo sana, zile zinazoenea kiganjani. Ya tatu ni ile ambayo kompyuta imejengwa ndani ya skrini. Fedha nilizonazo si nyingi, nami ninaishi mbali naye, kwa hiyo ninafikiria pia siku ambayo kitu kitakwama na mimi sipo.

Fundi Mezani

Dada, kwa matumizi hayo ningechukua ya ofisini iliyotumika, kwa sharti moja: usitoe fedha kabla ya kusoma namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa macho yako mwenyewe. Kwa upande wa Intel Core, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiondoa prosesa chache sana za kizazi cha 7, na inadai pia TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe. Core i5-7500 ni ya kizazi cha 7, Core i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na Core i5-10500 ni ya kizazi cha 10. Ukiziweka mezani, mashine mbili za kwanza zinaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, na muuzaji akakuambia kwa nia njema kwamba zote ni i5. Tena usiridhike kwa kuiona Windows 11 ikiwaka, kwa maana inawezekana kuisakinisha kwa nguvu kwenye mashine isiyotimiza masharti. Itafanya kazi, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo yaliyokufanya utafute kompyuta nyingine.

La pili ni diski. Nina hakika uzito wa kompyuta ya mama unatoka kwenye diski ya kuzunguka, ile ya zamani yenye sahani ndani. Chukua yenye SSD, yaani hifadhi isiyozunguka na yenye kasi, GB 256 zinamtosha, pamoja na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 na tundu moja la RAM lililo wazi, ili uweze kuongeza baadaye bila kutupa kilichopo.

La tatu ni vitu ambavyo watu huvigundua wakishafika nyumbani. Mashine nyingi za ofisini hazina Wi-Fi, kwa kuwa kule ziliunganishwa kwa waya ukutani. Hazina kamera wala maikrofoni. Spika, ikiwepo, ni ile ndogo ya ndani ambayo mzee hataisikia vizuri. Matundu ya picha mara nyingi ni ya DisplayPort, huku skrini yako ikitaka HDMI. Andika vyote hivi katika hesabu yako tangu mwanzo, ndipo ulinganishe na njia nyingine kwa haki.

Na ukishainunua, badilisha betri ya saa hata kama hujaona tatizo. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe alilalamika kwamba kila asubuhi tovuti zinakataa kufunguka, zikidai muunganisho si salama. Alikwisha kulipia programu ya kuondoa virusi na haikusaidia. Nilitazama saa kwenye pembe ya skrini, nikakuta inaonyesha mwaka uliopita zamani. Betri ya CR2032, ya ukubwa wa sarafu, ilikuwa imekufa, na kwa saa ile vyeti vya usalama vya tovuti vilikuwa havijaanza hata kutumika. Kazi nzima ilichukua dakika tano.

Mpenda Udogo

Fundi amesema kweli, ila mimi nilimpa baba yangu kompyuta mpya ndogo yenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, na sijajuta. Prosesa hiyo ina viini 4 vya kuchakata na imeundwa kwa wati 6, kwa hiyo kompyuta nzima inatumia umeme kidogo sana na haipigi kelele. Wi-Fi ipo ndani, HDMI ipo, na dhamana ni ya kifaa kipya. Niliifunga nyuma ya skrini kwa skrubu nne, na meza ya mzee ikabaki na kibodi na kipanya tu.

Jihadharini na zile za bei ya chini kabisa zenye Celeron ya zamani na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu iliyochomelewa kwenye ubao) ya GB 64, kwa sababu hifadhi hiyo hujazwa na masasisho ya Windows yenyewe kabla mzee hajaweka hata picha moja. Baadhi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, hivyo ulichonunua ndicho utakachokaa nacho.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, mimi nina miaka 74 na ninawaandikia kutoka upande wa pili wa meza. Ninyi mnazungumza juu ya prosesa, lakini mama yako hataiona prosesa hata siku moja. Ataiona skrini kila siku. Chukua skrini ya inchi 27 yenye nukta 1920 kwa 1080, na usishawishiwe na nyingine yenye nukta nyingi zaidi ikiwa bajeti ni ndogo: kwa idadi ileile ya nukta, herufi za inchi 27 ni kubwa kuliko za inchi 24 kwa takriban moja ya nane, kabla hata hujagusa mpangilio wowote. Hakikisha mguu wake unapanda na kushuka, kwa kuwa sisi tunaovaa miwani ya kusomea na kuona mbali kwa pamoja tunatazama kupitia sehemu ya chini ya kioo, na skrini ikiwa juu mno tunainua kidevu mchana kutwa. Kibodi na kipanya viwe vya waya, ili siku ya kuzungumza na wajukuu isikute betri zimeisha.

Kuhusu ile iliyounganishwa na skrini, niliipenda sana nilipoipata. Waya mmoja, kamera na spika vimo ndani, haikuhitaji mtu wa kunifungia. Mwaka wa nne skrini ilizimika, na mafundi wawili waliniambia kwamba kioo chake hakipatikani, basi nikapoteza kompyuta nzima ambayo ndani yake haikuwa na ugonjwa wowote.

Na huyu kijana aliyefunga kompyuta nyuma ya skrini, naomba ajibu: baba yake anaiwashaje? Mkono wangu wenye baridi yabisi haufiki kule.

Mpenda Udogo

Shikamoo mwalimu. Umenishika mahali penyewe, maana mwanzoni baba alikuwa akiinuka kila mara na kupapasa nyuma ya skrini. Niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka, nikaiamuru iwake yenyewe mara umeme unapoifikia, naye sasa anatumia swichi ya ukutani kuwasha, na kuzima anazima kwa kipanya kwanza. Si kila modeli ina mpangilio huo, na aliyezoea kitufe nisingemshauri hivyo. Iwekwe tu juu ya meza.

Mlinda Data

Njia yoyote utakayochagua, Binti Mkubwa, mfungulie mama akaunti ya kawaida na akaunti ya msimamizi uishike wewe. Kurasa za ulaghai zinazojaza skrini nzima na kupiga kengele, zikimwambia apige simu kwa sababu kompyuta ina virusi, zinawalenga watu wa umri wake. Kwenye akaunti ya kawaida, programu inayotaka kubadili mfumo itadai neno la siri ambalo hana, na hapo atakupigia wewe. Kwa msaada wa mbali, Windows ina Quick Assist, ambayo wewe unatoa msimbo naye anauingiza. Mkubaliane kwamba hataingiza msimbo wowote asiousikia kwa sauti yako mwenyewe.

Linux Mint, mfumo unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni nyepesi na haina gharama, lakini mtu aliyezoea mpangilio mmoja kwa miaka mingi analipa kwa namna nyingine. Mihtasari ya kikundi nayo isikae kwenye diski moja tu.

Binti Mkubwa

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimeamua kuchukua ya ofisini, yenye i5-8500, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, kasha lile jembamba linalosimama mezani na kitufe chake mbele. Kilichobaki katika bajeti nimekielekeza kwenye skrini ya inchi 27 yenye mguu unaopanda, kibodi ya waya, kamera yenye maikrofoni, spika, adapta ya Wi-Fi na kebo ya DisplayPort kwenda HDMI. Iliyounganishwa na skrini nimeiacha kwa sababu aliyoieleza mwalimu.

Jana nilimpigia mama kumweleza. Hakuuliza kasi wala ukubwa. Aliuliza kama folda yake ya mihtasari itakuwa palepale, juu kushoto, chini ya picha ya pipa la takataka.

Fundi Mezani

Itakuwa. Kabla hujang'oa waya hata mmoja, piga picha skrini yake ya sasa kwa simu, kisha nakili mafaili yote na upange ikoni katika kompyuta mpya kwa mpangilio uleule wa picha. Ile diski ya zamani usiifute kwa miezi miwili, mpaka atakapokuwa ameandika na kufungua kila anachokihitaji.