Wakuu, laptopu nne za nyumbani zinahitaji LDAP kweli?

Kichuguu_TZ: Habari zenu wakuu. Nina desktopu ya zamani nimeiwekea Linux ya Debian. Nyumbani kuna laptopu tatu za Windows 11 Home na moja ya Ubuntu (Linux pia). Nataka picha na kazi za shule zikae sehemu moja, kila mtu na folda yake, na akaunti moja imwingize mtu kwenye mashine yoyote. Jamaa kazini anasema bila LDAP (daftari la akaunti kwenye mtandao) na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia) haiwezekani. Nianzie wapi?

MzeeWaSeva: Mkuu, umechanganya mambo mawili. Kugawana faili, Samba (programu ya Linux ya kugawana faili na Windows) inatosha peke yake: fungua mtumiaji kwenye Debian, mpe pasiwedi kwa `smbpasswd -a`, andika folda yake kwenye `smb.conf` (faili la mipangilio ya Samba), kisha pitisha `testparm` ikukague. Akaunti moja kwa mashine zote ndiyo domeni, yaani seva moja inasimamia akaunti za wote, na hapo umeshakwama, maana Windows Home haijiungi na domeni yoyote. Ununue Windows Pro tatu kwa ajili ya homework? Hapana.

panya_wa_kebo: Kwani NFS, ile njia ya Linux ya kugawana faili, ina ubaya gani? Nyepesi.

MzeeWaSeva: Kwa Ubuntu sawa. Windows Home haina klienti yake, yaani programu ya kuifikia. Halafu NFS ya kawaida inaamini namba ya mtumiaji inayoletwa na mashine, haiulizi pasiwedi. Kwenye nyumba yenye vijana watundu, mmh.

Dada_Terminal: Kama unataka kujifunza, usimkatishe tamaa. Samba tangu toleo la 4 inaweza kuwa domeni kontrola (seva inayosimamia domeni) yenyewe, LDAP na Kerberos zimo ndani, usihangaike na OpenLDAP (seva ya LDAP inayojitegemea) pembeni. Ila laptopu za domeni lazima DNS zao (huduma ya kutafuta anwani za majina ya mtandao) zielekee kwenye seva hiyo, si kwenye ruta. Seva ikizimika utasikia "baba, intaneti imekufa". Na Kerberos kwa kawaida haivumilii saa zikipishana zaidi ya dakika 5. Desktopu yako kama betri ya ubao imekufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma na watu wanakataliwa kuingia. Weka chrony, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Jaribu hayo kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), picha za familia zisiguswe.

Kichuguu_TZ: Nimewaelewa. Samba tupu basi, domeni nitaichezea VirtualBox, programu ya mashine pepe. SMB1, toleo la zamani la lugha ya Samba, niiwashe? Kuna TV ya zamani inayoihitaji.

Dada_Terminal: Usithubutu. Virusi vya WannaCry vya 2017, vilivyofunga faili za watu na kudai fidia, vilipitia humo humo. TV ichomekee flashi.

MzeeWaSeva: Na tafuta diski ya pili ya nakala kabla hujahamisha picha. `testparm` ikilalamika, bandika hapa tuone.