Kuishi Cape Cod mwaka mzima, si majira ya joto peke yake

Ndugu zangu, salaam.

Nimepata kazi ya hoteli huko Hyannis, mji wa Cape Cod, ile rasi ya kitalii ya jimbo letu la Massachusetts, Marekani, kuanzia mwezi wa Mei, na mshahara wake unazidi ninaoupata hapa Worcester. Nina watoto wawili wanaosoma, na sipendi kuwahamisha kabla sijajua maisha yanakuwaje watalii wakishaondoka. Mwenye uzoefu wa huko naomba anieleze.

* * *

Dada mpendwa, hongera kwa kazi.

Nitaanza na nyumba, kwa kuwa huko Cape Cod kazi za kiangazi hazikosekani. Kinachokosekana ni mahali pa kulala. Wenye nyumba wengi hupangisha kuanzia Septemba hadi Mei au Juni, kisha humtaka mpangaji aondoke ili nyumba hiyo hiyo ikodishwe kwa watalii kwa wiki, kwa malipo ambayo mpangaji wa kawaida hayawezi. Kwa hiyo familia hujikuta zinahangaika na mizigo wakati ule ule kazi inapopamba moto, na wapo wanaomaliza Julai na Agosti wakibanana kwa jamaa. Uliza kwanza kama mkataba ni wa miezi 12. Ukiona umeandikwa tarehe ya kuondoka mwezi wa Juni, hiyo ni nyumba ya msimu, hata mwenyewe akikuambia kwa mdomo kwamba "tutaona".

Sheria ya Massachusetts inamruhusu mwenye nyumba kudai kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, gharama ya kubadilisha kufuli, na dhamana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja. Dhamana hiyo anapaswa kuiweka benki katika akaunti ya pekee yenye riba. Kinga hiyo haihusu makazi ya mapumziko ya siku 100 au pungufu, basi usikubali mkataba wako uandikwe kana kwamba umekwenda kustarehe.

Halafu nenda ukaione nyumba kwa macho yako, kwani nyingi zilijengwa kwa ajili ya kiangazi tu. Fungua kabati lililo chini ya sinki, uguse ukuta pale bomba linapopita. Ukihisi upepo wa nje, ujue Januari bomba hilo laweza kuganda na kupasuka. Kanuni za jimbo zinataka nyumba iwe na joto la angalau nyuzi 68 za Farenhaiti mchana na 64 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Mei 31, lakini mkataba unaweza kukutwika wewe gharama ya mafuta. Omba kuona bili za majira ya baridi yaliyopita; anayesita kuzionyesha ameshakujibu.

Kuhusu kazi, mimi binafsi nisingehamisha watoto kwa ajili ya hoteli peke yake. Baada ya katikati ya Oktoba saa za kazi hupungua na migahawa mingi hufungwa. Kule, watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni zaidi ya robo ya wakazi, kwa hiyo kazi ya kuwatunza wazee haina msimu. Kama una cheti cha uuguzi msaidizi, tafuta hiyo kwanza, hoteli uifanye wikendi.

* * *

Hodi, nami niongeze mawili.

Gari ni lazima, na Jumamosi za kiangazi usipange safari ya kuvuka madaraja ya Bourne na Sagamore yanayoingiza magari Cape Cod, kwa sababu ndiyo siku wapangaji wa wiki wanapopishana, na madaraja yenyewe ni ya mwaka 1935.

La pili, muulize mwajiri kabla ya kusaini kama jimbo limemthibitisha kuwa mwajiri wa msimu. Ikiwa ndivyo, na kazi yako imo katika msimu huo, mshahara utakaopata kwake hautahesabiwa utakapoomba mafao ya kukosa kazi nje ya msimu, yaani miezi ile ile utakayoyahitaji.