Kituo cha kompyuta cha kata yetu kimefungwa mwaka wa tatu sasa, halafu tunaambiwa wananchi hatuna mwamko

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika uzi huu kwa hasira, na siifichi. Wiki iliyopita, katika mkutano wa hadhara, afisa mmoja wa halmashauri alisimama mbele yetu akasema kituo cha kompyuta cha kata yetu kilikufa kwa sababu wananchi hawana mwamko. Maneno hayo yameniuma kuliko kufungwa kwenyewe kwa kituo. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, na nilikuwa katibu wa kamati ya kituo kile tangu kilipozinduliwa hadi kilipofungwa. Ninachokijua ni kwamba watu walikuja, tena wengi, na kituo kilifungwa wakiwa bado wako kwenye foleni.

Kilijengwa kwa fedha za wafadhili kisha kikakabidhiwa halmashauri: chumba kimoja kikubwa, kompyuta 10, printa, skana, na antena ya intaneti juu ya paa. Mradi ulilipia intaneti kwa miezi 18. Katika kikao cha kwanza cha kamati niliuliza mwezi wa 19 atalipa nani, swali likaandikwa kwenye muhtasari, na jibu nililopewa ni kwamba halmashauri italiingiza jambo hilo kwenye bajeti. Muhtasari huo ninao. Bajeti mbili zilipita bila kifungu hicho kuonekana.

Daftari la wageni pia ninalo. Lina safu za jina, kijiji, shughuli, muda wa kuingia na muda wa kutoka, na anayetaka kujua kama wananchi wana mwamko au hawana aje alisome. Kurasa za msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu zimejaa hadi pembeni: kujaza fomu ya mkopo, kuomba chuo, kuskani cheti cha kuzaliwa. Msimu wa ufuta wapo viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, waliokuja kuchapa taarifa za mnada ili wazibandike kwenye ghala. Yupo mzee mmoja ambaye, kwa kuwa hajui kuandika, aliweka alama ya dole gumba, na kijana msimamizi akamwandikia pembeni: “Kufuatilia mafao ya marehemu mwanawe.” Mzee huyo alikuja mara nne. Mstari wa mwisho kabisa niliuandika mimi mwenyewe: “Intaneti imekatwa saa 5:40 asubuhi. Watu 14 wamerudi makwao.”

Tusingefikia hapo kama tungeachiwa kujiendesha. Kituo cha namna hii kinahitaji vitu vinne tu kila mwezi: bando, umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), wino wa printa, na posho ya msimamizi anayejua kazi yake. Kamati ilipendekeza mtumiaji achangie shilingi 500 kwa saa, wanafunzi wakiwa na sare waingie bure, na mkutano wa kijiji ukakubali. Halmashauri ikatujibu kwamba fedha yoyote inayokusanywa pale ni mapato yake, kwa hiyo lazima ipitie POS, ile mashine ya kukatia risiti za halmashauri, na kupelekwa benki. Tulitii. Kwa miezi saba tulikusanya, tukapeleka, tukatunza risiti zote, na katika miezi hiyo saba haikurudi hata shilingi moja ya kununulia umeme. Tuliomba kwa maandishi mara tatu. Bando la mwisho alilinunua msimamizi kutoka mfukoni mwake, naye alikuwa anatudai posho ya miezi mitano. Alipoondoka kwenda kutafuta riziki Masasi sikuwa na neno la kumzuia.

Sasa tazameni gharama ilikohamia. Kutoka kwetu hadi mjini ni kilomita 46, na masika bodaboda hutoza hadi shilingi 15,000 kwenda tu. Mtoto wa mkulima anayeomba mkopo hana safari moja. Hujaza maombi mtandaoni, huchapa fomu, huirudisha kijijini ili serikali ya kijiji igonge mhuri, huipeleka kwa kamishna wa viapo, kisha hurudi mjini kuiskani na kuipandisha kwenye mfumo. Wahitimu wa kidato cha nne wanaotaka kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo yao, kabla ya uchaguzi wa kidato cha tano nao hupewa muda maalumu wa kufanya hivyo mtandaoni, na dirisha likifungwa limefungwa. Mwaka jana wanafunzi wangu wawili waliokuwa na ufaulu mzuri wa sayansi walibaki na tahasusi wasiyoitaka kwa sababu mto ulijaa siku tatu na gari halikupita.

Wanapofika mjini wanaingia steshenari, na hapa ndipo ninapoomba mnisome kwa makini. Nilimsindikiza mwanafunzi mmoja mwezi Julai. Kijana wa pale, mwenye haraka maana foleni ilikuwa imefika barabarani, hakumuuliza kama ana barua pepe. Alimfungulia akaunti kwa barua pepe ya duka, akaweka nywila aliyoichagua yeye, kisha akaviandika vyote viwili kwenye daftari la kaunta lililokuwa wazi mbele ya kila mteja. Niliona kurasa na kurasa za majina ya watoto wa watu, namba zao za mtihani wa kidato cha nne na nywila zao. Mwanafunzi akitaka kujua kama maombi yake yana kasoro, lazima arudi kwa kijana yuleyule na alipe tena. Kijana akihama, akaunti imepotea. Simlaumu sana, kwani anafanya kazi aliyoachiwa na wenye wajibu. Kituoni kwetu kila mwombaji alifunguliwa barua pepe yake, akafundishwa kuificha nywila yake, na kabla ya kuondoka alitakiwa atoke kwenye akaunti kisha aingie tena mwenyewe bila kusaidiwa. Wapo waliorudia mara sita, tukawasubiri.

Najua watakuja wa kusema kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Kijijini kwetu simu nyingi ni za kitochi. Hata mwenye simu janja huponzwa na mtandao unaopatikana akipanda kichuguu, na ajaribu yeye anayesema hivyo kuandika maombi ya kazi yenye viambatisho vinane kwenye kioo cha inchi tano.

Wala wazo hili si geni kiasi cha kusema hatujui linavyoendeshwa. Nakaseke nchini Uganda ilikuwa na kituo chake, pamoja na maktaba, tangu mwaka 1999. Sengerema, mkoani Mwanza, ilipata chake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye kikaongeza redio ya jamii. Bunge letu lilitunga Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006 kwa kutambua kwamba vijijini biashara peke yake haitafikisha huduma. Miaka yote hiyo imetosha kujifunza kwamba kununua mashine ni sehemu rahisi, na kwamba swali la nani atalipia umeme mwezi wa 19 linapaswa kujibiwa kabla ya kukata utepe.

Juzi nilichungulia dirishani. Kompyuta bado zimefunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama wa kwaya walivitengeneza bila kuombwa, ili vumbi lisiziharibu. Vitambaa vimekuwa rangi ya udongo. Mchwa wamepanda mguu wa meza ya tatu hadi kwenye kibodi.

Ninayoyataka si makubwa. Halmashauri itusomee hadharani fedha tuliyoikusanya kwa miezi saba ilikwenda wapi. Kituo kikabidhiwe kikundi cha vijana kilichosajiliwa, chenye haki ya kukusanya na kutumia mapato yake kwa hesabu za wazi, na mtaji wa kuanzia uombwe katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambamo vijana wana asilimia 4. Vijana wapo, watatu kati yao nimewafundisha mwenyewe. Na yule afisa arudi katika mkutano uleule afute kauli yake.

Tayari nimeandika barua mbili za kuomba hesabu hizo kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Ya kwanza ina siku 71, ya pili siku 38, na nakala zote mbili zimegongwa mhuri wa masijala kuonyesha zimepokelewa. Ya tatu naipeleka Jumatatu, nikiwa na wajumbe wanne wa kamati ya zamani na lile daftari la wageni. Mwenye uzoefu wa kudai taarifa za halmashauri hadi akazipata, naomba anieleze hapa alianzia ofisi gani na alikata rufaa kwa nani.