Mjadala: Je, pikapu kuukuu za dizeli zilizokwisha kusajiliwa Uganda ziondolewe barabarani?

Mwanzisha mjadala, Kasese

Ndugu zangu, tangu Bunge lilipoirekebisha sheria ya usalama barabarani mwaka 2018 na kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, wapo wanaodai kwamba kazi imefanyika nusu, na kwamba magari ya umri huo yaliyomo nchini nayo yawekewe ukomo. Naomba tulijadili dai hilo kwa kuitazama pikapu ya dizeli peke yake, maana ndiyo inayobeba matoke, kahawa, saruji na wagonjwa huku kwetu, na ndiyo itakayoguswa kwanza.

Msimamo wangu ni kwamba mwaka wa kutengenezwa hauonyeshi ubovu wa gari. Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779, ina pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, na fundi mzuri huweza kuifuata hitilafu yake kwa spana na masikio. Injini za kizazi kilichofuata, za komoni reli, yaani zinazopulizwa dizeli kwa presha kubwa chini ya uongozi wa kompyuta, nozeli zake (vinyunyizio vya dizeli) zikichoka huhitaji mashine ya kupimia ambayo gereji ya kawaida haina.

Kinachoziua pikapu hizi ni vipuri. Ukifika soko la Kisekka au maduka ya Ndeeba, kule Kampala, utaonyeshwa kipuri kipya cha orijino, kipuri kipya chenye nembo ya kuigiza, au mtumba uliotoka Japani au Dubai. Wengi hukimbilia cha nembo ya kuigiza kwa kuwa kimo ndani ya boksi, ilhali mtumba angalau unaweza kuukagua kabla ya kutoa pesa.

Tuchukue silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini kinachobeba vali. Hedi za injini ya 3L na ndugu yake 2L zinajulikana kwa kupata nyufa katikati ya vali, hasa injini ikishachemka. Muuzaji huipaka rangi ya fedha ikang'aa. Mnunuzi anayejua huomba kitambaa na dizeli kidogo, akafuta mpaka chuma kionekane, akaweka rula ya chuma kuona kama imepinda, kisha akadai ipimwe kwa presha ndani ya maji kabla ya kulipa chote. Hedi ikipita, bado gasketi, pakingi inayokaa kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), ambayo hutengenezwa kwa unene wa ngazi tatu, na ngazi inayofaa hutegemea jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Kwenye kaunta nyingi utaulizwa tu kama gari ni 2L au 3L. Gasketi isiyo yake ikifungwa, gari hurudi gereji baada ya muda mfupi, na lawama zote huangukia uzee wa gari.

Kwa hiyo napendekeza kwamba vipuri vinavyoshika uhai wa watu, yaani pedi na mipira ya breki, boljointi na tairodi endi (viungo vya magurudumu ya mbele na usukani) na matairi, visiuzwe kamwe vikiwa mtumba. Vya injini viruhusiwe, lakini kwa risiti inayomtaja muuzaji. Na gari lenyewe lihukumiwe kwa breki zake na moshi wake.

Mchangiaji, Kampala

Ndugu wa Kasese, nimekusoma kwa heshima, ila umeandika kama kwamba pikapu inamhusu mwenye pikapu tu. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sisi tunaoishi kando ya barabara kuu tunaumeza moshi huo asubuhi na jioni. Tangu mwaka 2015 Afrika Mashariki imejiwekea kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Lakini injini unayoisifu, hata itunzwe vipi, haikuundwa na chujio la masizi. Jirani zetu Kenya hawaruhusu hata kuingiza gari lililozidi miaka minane.

Tena, nani atakayepima? Ukaguzi wa lazima uliokabidhiwa kampuni binafsi ulisimama mwaka 2017 baada ya Bunge kuupinga, na sote tunakumbuka kelele za ada. Mwaka wa gari tayari umo katika kumbukumbu za usajili: hauhitaji mashine, wala hakuna askari atakayeujadili nawe pembeni ya barabara.

Fundi, Ndeeba

Wazee wangu, mimi naongeza machache ya gereji. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli zilizochoka au chujio la hewa lililoziba, na hiyo si kazi kubwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo ndugu wa Kampala yuko sahihi, kwa sababu kuifufua injini hiyo ni gharama ambayo wateja wengi huikwepa. Wanaongeza oili na kuendelea na safari.

Lakini pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Kituo kikichanganya mafuta ya taa, pampu inajikwangua ndani kwa ndani, na gari jipya nalo halisalimiki. Ondoeni pikapu zote kuukuu muache mafuta hayo, tutaonana tena gereji.

Mwanzisha mjadala, Kasese

Fundi, ahsante. Hoja ya nani atapima ndiyo nzito kuliko zote, na sina jibu linalomridhisha kila mtu, isipokuwa kwamba polisi tayari wana idara ya wakaguzi wa magari, na kipima moshi ni kifaa kinachochomekwa kwenye ekzosi. Kianze na magari ya biashara, na ada iwekwe hadharani kabla ya gari la kwanza kupimwa.

Ila nami nina swali kwa ndugu wa Kampala. Pikapu mpya zaidi huja na hilo chujio la masizi, na likiziba kuna wenye magari wanaolitoa na kuziba nafasi yake kwa bomba tupu, kwa kuwa jipya ni ghali. Pikapu hiyo ina umri unaoukubali wewe, na inatoa moshi usioukubali. Kipimo cha mwaka kitaikamata vipi?