PhD ya uchumi: mada ninayo, nianze na msimamizi au ufadhili?

Mnyantuzu
Habari za jioni wakuu. Nina masta ya uchumi, nafundisha chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Nataka kusoma PhD. Mada: kuuza pamba kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) kumemwongezea kipato mkulima wa Simiyu? Data nitachukua zile za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) za kufuatilia kaya, zinapatikana bure. Swali langu, nitafute kwanza msimamizi au ufadhili? Nina miaka 38. Nawasilisha.

Kiroboto
Mkuu, hiyo ada fungulia duka la pembejeo. Utatoka na mvi na madeni.

DadaWaTakwimu
Kiroboto wewe muuze mbolea, mwache mwenzio asome.

Mnyantuzu mdogo wangu, umri si hoja. Ninachokiona mimi ni data. Awamu ya kwanza ya utafiti ule, 2008/09, ilikuwa na kaya 3,265 nchi nzima, Zanzibar humo humo. Ukishachuja wakulima wa pamba wa Simiyu utabaki na watu wa kujaza daladala. Halafu Simiyu yenyewe ni mkoa wa 2012! Kwenye awamu za mwanzo Bariadi, Maswa na Meatu utazikuta Shinyanga, Busega iko ndani ya Magu, Mwanza. Usipolijua hilo utashangaa mkoa wako haupo.

La pili, agizo la kuuza kupitia AMCOS likishuka linawashukia wote. Sasa nani utamlinganisha na nani? Msimamizi yeyote makini atakuuliza hilo kabla hujakaa kitini. Mimi ningetazama malipo: AMCOS hii inalipa wiki hiyo hiyo, ya kijiji cha pili inachelewesha. Hapo kuna tofauti ya kupima, na kilo na tarehe zimo kwenye madaftari yao.

Kwa hiyo anza na andiko la kurasa tano, ndipo umtafute msimamizi. Ufadhili, fuatilia matangazo ya AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, Nairobi. Nimepita kwenye mpango wao wa PhD wa vyuo shirikishi, ule ulioanza 2002, Dar es Salaam ikiwemo. Ila mwaka wa kwanza hutausahau: maikro (uchumi wa kaya na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima), mbinu za kihesabu, kisha mtihani wa jumla. Watu wazima, wengine wakuu wa idara, wanarudia kutafuta deriveti usiku wa manane. Pamba yako hutaigusa kabisa mwaka huo. Anza hesabu sasa hivi, hata kabla ya kuomba.

Mnyantuzu
Dada, umenivua nguo hadharani, lakini asante. Hayo madaftari anatunza nani, na nitaonyeshwa kweli?

DadaWaTakwimu
Katibu wa AMCOS. Beba barua ya chuo, pitia mkoani, halmashauri, kisha ofisa ushirika wa wilaya akutambulishe. Na nenda msimu ukishafungwa, wakati wa ununuzi katibu hana hata muda wa kuitikia salamu.