Wenye viganja vidogo, bastola gani imewakubali? Tupeane uzoefu

Kiganja_Kidogo: Habari za humu. Nimetoka kulenga shabaha na bastola ya mume wangu, ile ya magazini ya safu mbili, yenye mpini mnene. Kidole kinagusa triga kwa ncha tu, tena mpaka niuzungushe mpini uegemee kiungo cha dole gumba. Risasi zote zimelala kushoto. Mume anasema nitazoea. Mlizoea, au mlibadilisha?

Mzee_wa_Shabaha: Hutazoea, binti yangu. Nilijidanganya hivyo miaka miwili, dole gumba likavimba. Hakikisha haina risasi, chemba, pale risasi inapokaa, uione kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Kisha ishike mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kisipofika kwenye triga kwa ule mnofu wa pingili ya kwanza, hiyo si yako.

Mama_Pacha: "Utazoea" ni neno la wenye mikono kama koleo.

Rivolva_Tu: Chukua rivolva ndogo, uachane na habari za kukoki.

Shangazi_Baruti: Wewe mshauri, umewahi kuifyatua? Ndogo na nyepesi ndiyo yenye teke. Triga yake bila kuvuta nyundo inadai nguvu ya kilo tano na ushee. Dada yangu alikuwa anavuta kwa vidole viwili!

Rivolva_Tu: Dada yako afanye mazoezi.

Shangazi_Baruti: Mwache dada yangu.

Bi_Ganda: Mmenikumbusha nisichopenda kukumbuka. Ya kwangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba kukitoa kidole kwenye triga na kukirudisha ilikuwa kazi, nikawa nakiacha humo humo. Siku hiyo nimevaa shati, kifungo cha juu wazi. Ganda la risasi, la moto, likaruka, likaingia kolani, likashuka mpaka kwenye sidiria. Jamani, linaunguza! Nikageuka huku napiga kelele, bastola mkononi, watu wanne wamesimama nyuma yangu. Msimamizi akanidaka mkono kwa juu, akausukuma chini. Ikalia. Risasi ikazama mchangani, hatua mbili kutoka kwenye kiatu cha mtu. Kovu ninalo, kama punje ya mpunga. Yule mwenye kiatu hakusema kitu, alikaa chini tu.

Mama_Pacha: Mungu wangu.

Msomaji_Kimya: Shati la kola wazi unaendea nini kule? Fulana ya shingo iliyobana, na kofia.

Rivolva_Tu: Rivolva hairushi maganda. Nasema tu.

Shangazi_Baruti: 😂 Hapo umepatia, lakini dada yangu bado unamdai samahani.

Kiganja_Kidogo: Pole sana Bi Ganda. Ila jamani, mimi nimeuliza mikono, mmehamia kwenye mashati.

Fundi_Mpini: Turudi. Mikono midogo si aibu. FBI ya Marekani walipochukua risasi ya 10mm mwishoni mwa miaka ya 80, fremu ya bastola yake, yaani mwili wenye mpini, iliwashinda baadhi ya maofisa kuikamata. Mwaka 1990 ikatoka risasi ya .40, fupi zaidi, inayoingia kwenye fremu ya 9mm. Siku hizi zipo nyembamba kama SIG P365, iliyotoka 2018, magazini yake inabeba risasi 10. Na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, ikiwa ngumu usiivute kwa vidole viwili. Ikamate kwa kiganja kizima kwa juu, kisha usukume mpini mbele. Mtutu ubaki kwenye shabaha, maana wengi hapo humwelekezea jirani.

Mzee_wa_Shabaha: Nyembamba sana nayo inachapa kiganja. Ajaribu kwanza.

Fundi_Mpini: Sawa, mzee. Kiganja_Kidogo, hiyo yenu haina migongo ya mpini ya kubadilisha, minene na myembamba? Nyingi za sasa zinakuja nayo. Angalia kwenye boksi.

Kiganja_Kidogo: Nimeangalia. Mgongo mdogo upo, haujatolewa hata kwenye nailoni yake. Mume yuko sebuleni. Namsubiri mpira uishe.